Dingi anaamka mara sita usiku? Usimcheke!

Najua wewe ni mtu wa mjini, umetulia zako hapo Bukoba na miwani ya jua, habari za wazee unaona hazikuhusu. Subiri kwanza.

Krismasi moja nilikwenda Kamachumu, Muleba, kwa baba mdogo. Usiku mlango ukawa unalia kriii... nikahesabu mara sita. Mzee anatoka uani, anasimama weee, anarudi. Asubuhi nikamuuliza, akacheka: "Mwana wange, ni baridi na rubisi tu."

Siku ya tatu halikutoka hata tone. Tumbo likavimba chini ya kitovu, mzee mzima analia kama mtoto. Tukamkimbiza hospitali, akawekewa mpira, mfuko ukajaa mkojo. "Nimezaliwa upya!" akasema.

Kumbe ni tezi dume! Kila mwanamume anayo, iko chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukisogea inakua na kubana njia. Karibu nusu ya wanaume wa miaka 60 wanalo tatizo hili. Si uchawi, si gonjwa la zinaa. Saratani ni kitu kingine, ila dalili hufanana, ndiyo maana lazima kupima.

Je, kila mtu anapigwa kisu? Hapana, wengine vidonge vinawatosha. Lakini mkojo ukiziba kila mara, damu ikitoka, mawe yakijaa kibofuni au figo zikianza kuumia, hapo ni upasuaji tu. Njia ziko hivi:

Kwanza, kifaa hupitishwa kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama iliyozidi. Ngozi haiguswi. Rais Ronald Reagan wa Marekani alifanyiwa hivyo mwaka 1987.

Pili, kupasua chini ya kitovu. Daktari anaichomoa nyama iliyozidi kama unavyotoa chungwa kwenye ganda. Hii ni ya tezi kubwa sana, au pale vifaa vya njia ya kwanza havipo.

Tatu, mwanga wa leza. Damu humwagika kidogo, ila mashine yake ni ghali.

Baba mdogo akagoma. "Jogoo je, atawika?" Daktari akamjibu kwamba kwa wengi anawika vilevile. Kinachobadilika ni mbegu: mara nyingi hurudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Haina madhara, ila anayetaka mtoto aseme mapema.

Mama mdogo ndiye aliyemaliza ubishi: "Mimi nataka mume, sitaki marehemu mwenye heshima!" Mzee akasaini. Akapasuliwa tumbo, akakaa na mpira siku kadhaa, akarudi kwenye migomba yake.

Jamani, hata Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza hadharani Januari 2024 kwamba anakwenda kutibiwa tezi dume. Mfalme haoni aibu, dingi wako anaficha nini?

Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Mambo yakiwa makubwa, Bugando iko Mwanza.

Basi mshikaji, ukienda kijijini usikimbilie senene tu. Usiku tega sikio, uhesabu mlango.