Injini Inayombeba Aliyeibeba

Anayeruka kwa parashuti la injini huibeba injini hiyo mgongoni, na safari yake huanza kwa kukimbia nayo. Sharti hilo la uzito ndilo linaloeleza kwa nini injini ya mipigo miwili, iliyokwisha kuachwa barabarani karibu kila mahali, bado inatawala katika mchezo huu. Chukua Moster 185 ya kampuni ya Vittorazi, Italia: silinda moja, ujazo wa cc 185, uzito wa kama kilo 15, nguvu za farasi 25. Pikipiki ya bodaboda ya cc 150, yenye mipigo minne, hutoa kama 12. Tofauti inatokana na mwako. Injini ya mipigo miwili huwaka kila kranki inapomaliza mzunguko mmoja. Ya mipigo minne husubiri miwili. Tena ya mipigo miwili haina kamshafti wala sampo ya oili. Oili huchanganywa ndani ya petroli, mara nyingi lita 1 kwa lita 50, jambo wanalolijua vizuri wapasua mbao wenye msumeno wa mnyororo.

Wepesi huo una gharama, na wanaoilaumu wana haki. Mchanganyiko mpya huingia silindani tundu la eksozi likiwa bado wazi, hivyo sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Pia injini hii hunoki upesi: petroli ikipungua, oili nayo imepungua, pistoni hupata joto, hutanuka na kukwama. Je, mtu aikabidhi roho yake? Hapana, na hapaswi. Kinachomshikilia angani ni bawa la kitambaa. Injini ikizima, bawa huendelea kuteleza, likisonga mbele kama mita 7 kwa kila mita 1 linaloshuka. Hatari kubwa ni kuruka juu ya maji au msitu, pasipo pa kutua.

Wengine husema umeme umefika, basi injini hizi zistaafu. Hesabu bado inakataa. Kilo moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 12; kilo moja ya betri ya lithiamu kwa kawaida haifiki 0.3. Hata injini ikipoteza zaidi ya robo tatu kwa joto na moshi, petroli inashinda kwa mbali. Lita 10, ambazo ni kama kilo 7.5, humrusha mtu saa mbili na zaidi. Betri ya uzito huo haimfikishi nusu saa.

Kwa hiyo injini hii inastahili nafasi yake, mradi mwenyewe akubali kuihudumia. Apime oili kwa chombo, asikisie kwa jicho. Afungue plagi aitazame ncha: ikiwa ya kahawia, mchanganyiko uko sawa, ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa njaa ya petroli, na siku hiyo haruki.