Jalada la Mshauri Nasaha: Nani Mwenye Haki ya Kulifungua? (Sehemu ya Pili)

Katika zahanati nyingi za vijijini mgonjwa huja na daftari lake. Amelinunua dukani, tabibu huandika humo homa, dawa na tarehe ya kurudi, naye huondoka nalo likakae kabatini pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Mkulima wa Masakta, kule Hanang, ukimuuliza rekodi za matibabu yake ni za nani, atakushangaa. Lakini mkulima huyohuyo akienda kwa mshauri nasaha kwa sababu hapati usingizi, ataondoka na tarehe ya kurudi tu. Aliyoyasema yamebaki kwenye jalada, na jalada limebaki ofisini.

Hanang ina sababu ya kuliuliza swali hili kuliko wilaya nyingi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Waliookoka walihifadhiwa shuleni, na pamoja na unga na magodoro walipelekewa wataalamu wa saikolojia na maafisa ustawi wa jamii. Mtu aliyefunguka siku zile, leo akitaka kusoma kilichoandikwa juu yake, aanzie wapi?

Wiki iliyopita tuliona kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2022, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Tangu ilipoanza kutumika, Mei 2023, mhusika anaweza kuomba kuziona taarifa zake na kudai zisahihishwe zikiwa na kosa. Suala la umiliki limewapotezea wanasheria muda mwingi bila faida kubwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Canada, katika shauri la McInerney dhidi ya MacDonald, ilisema karatasi ni za daktari ila mgonjwa ana haki ya kujua yaliyomo. Miaka minne baadaye mahakama kuu ya Australia ikakataa kuifuata njia hiyo. Sheria yetu imezivuka mahakama zote mbili: haimuulizi mgonjwa kama karatasi ni yake, inauliza kama habari zinamhusu.

Ugumu uko kwenye maandishi yenyewe, maana si ya namna moja. Kuna rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, yenye jina, umri na ugonjwa. Kuna jalada la mgonjwa. Halafu kuna yale ambayo mshauri hujiandikia mwenyewe, dhana zake na mashaka yake, pengine hata kwamba anadhani mgonjwa anamficha jambo. Marekani imeyatenga haya ya mwisho: yakihifadhiwa mbali na jalada, haki ya mgonjwa ya kusoma haiyafikii. Sheria yetu haitaji daftari la namna hiyo, nami sioni hasara. Mshauri akijua mteja atasoma, ataandika kwa heshima.

Bado kuna lugha. Bibi anayejua Kiiraqw au Kidatoga peke yake huzungumza kupitia mjukuu au jirani, mjukuu hutafsiri kwa Kiswahili, mtaalamu huandika kwa Kiingereza. Siri imeshapita masikioni mwa mtu asiyekula kiapo chochote, na jalada lenyewe bibi hataweza kulisoma hata akikabidhiwa. Rufaa ya kwenda hospitali ya Haydom au ya Mirembe nayo mara nyingi husafiri mkononi mwa ndugu. Bahasha hufunguliwa kwenye basi.

Wapo washauri wasiotaka kuandika kabisa, na hofu yao si ya bure. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mstari mmoja ndani ya jalada unaweza kugeuka ushahidi, basi mshauri huandika "huzuni" na kunyamazia kamba. Anayempokea mgonjwa baadaye hajui hatari aliyonayo. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu chao kama hicho Januari 2025. Sisi tungali nacho.

Kompyuta nayo ina mambo yake. Finland, mhalifu aliiba kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 30,000 wa kampuni ya tiba ya saikolojia ya Vastaamo, na mwaka 2020 akawadai pesa mmoja mmoja. Huku kwetu mwizi hahitaji ujuzi kiasi hicho iwapo nywila moja ya GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya vya serikali, inatumiwa na zamu nzima.

Anayetaka kuona jalada lake aandike barua, Kiswahili kinatosha, kwa mganga mfawidhi wa kituo alikohudumiwa. Ataje jina alilojiandikisha, miezi aliyohudhuria na anachokitaka: nakala, au kusomewa na kuelezwa faraghani. Abaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Akikataliwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mhuri ule ndio utakaoonyesha kwamba aliomba.

Wiki ijayo: mgonjwa akiwa mtoto, mzazi asome kiasi gani?