Mashine ikizimika baharini, usikimbilie kulaumu kabureta

TULIKUWA tumebakisha mwendo mfupi tuingie Kudhaa pale mashine ilipoanza kukohoa. Boti yetu ya faiba ilitoka Kismayo alfajiri, imesheheni magunia ya mchele, katoni za tambi na madumu ya mafuta ya kupikia. Upepo wa kaskazi ulikuwa nyuma yetu, na upande wa kulia mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mwamba.

Nahodha akiongeza mafuta, mashine inaishiwa pumzi kama mtu mwenye pumu. Akipunguza, inatulia na kunguruma vizuri. Akiongeza tena, inazama. Kijana mmoja miongoni mwa abiria, aliyejitambulisha kuwa fundi, akasema bila hata kuinua kifuniko: "Hiyo ni kabureta, imekufa. Nipeni waya niitoboe."

Anayeijua pwani hii ataelewa kwa nini sote tulinyamaza. Kuzimikiwa na mashine hapa ni kusukumwa ama kwenye mwamba, ama kwenye ufuo wa bara ambao vikosi vya Jubaland na Al-Shabaab wameupigania kwa miaka mingi. Nahodha alikataa waya. Alimwamuru baharia abinye mfululizo ule mpira wa mkono ulio kwenye njia ya petroli, naye akaiendesha mashine taratibu. Kila mpira ulipobinywa, nguvu ilirudi. Tulifika Kudhaa kwa mwendo wa kobe, jua limeshainama.

Mimi ni mmoja wa waliorudi. Nilikulia Mombasa, na akiba niliyokuja nayo yote imo ndani ya biashara hii ya boti. Usiku ule nilishakata shauri: asubuhi nitume mtu Kismayo akanunue kabureta mpya, liwalo na liwe. Mwenyeji wangu akanizuia. "Mwone kwanza mzee," akasema.

Mzee mwenyewe ni mwana wa kisiwa. Alikimbilia Mombasa mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, akafanya kazi katika gereji akitengeneza Peugeot 504 na Datsun, kisha akarudi kwao. Kudhaa hakuna Peugeot ya kutengeneza, lakini mashine za boti ndizo riziki ya kila nyumba, na kabureta ni ileile. Hewa hupita kwa kasi mahali palipobana, petroli hunyonywa kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti, vikachanganyika na kwenda kuungua. Magari mapya yaliiacha kabureta kuanzia miaka ya 1980 na 1990, ndiyo maana vijana wengi wa gereji za mjini leo hawaijui. Kwenye boti zetu ingali hai.

Nilimweleza shida yangu, nikamalizia: "Ami, nadhani kabureta imekufa."

"Nani kaiosha maiti?" akauliza huku akicheka. "Mwanangu, niambie kwanza ilivyofanya, si ilivyokufa."

Nikamsimulia. Aliposikia habari ya mpira wa mkono, akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa mashine ikipata nguvu unapobinya mpira, basi petroli haifiki ya kutosha. Tatizo huenda likawa kabla ya kabureta: tundu la hewa la tangi limefungwa, mpira umepasuka unavuta hewa, chujio limeziba, ama pampu imechoka. Anza na kisichogharimu kitu.

Alifungua tundu la hewa la tangi, lilikuwa sawa. Akaupapasa mpira wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na ufa. Kisha akakifungua kikombe cha chujio. Ndani mlikuwa na tope jembamba la rangi ya udongo.

Akaniagiza chupa ya kioo, tukasogea mbali na jiko na wavuta sigara. Alilegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga kilichotoka. Baada ya muda mfupi kilijigawa: petroli juu, maji chini, na mstari kati yao kama uliochorwa kwa rula. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji hukaa chini, mahali hasa ambapo jeti hunyonya.

"Mchawi wako huyo," akasema. "Ungenunua kabureta mpya, angehamia humo."

Ndipo akaifungua kabureta. Jeti ilikuwa na ukoko wa kijani uliolifunga tundu nusu. Nikamkumbuka kijana na waya wake. Mzee akanieleza kuwa shaba ni laini, waya hulipanua tundu, na vipimo vilivyowekwa kiwandani haviwezi kurudishwa. Yeye aliiloweka jeti ndani ya petroli safi, akaisukumia hewa kwa pampu ya baiskeli, kisha akapitisha unywele mmoja wa brashi. Akaiinua kuelekea jua, nami nikaona duara kamili la mwanga.

Kabla ya kufunga alitoa plagi mbili akanionyesha. Plagi ya mashine yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Nyeusi na yenye unyevu ina maana petroli imezidi. Zangu zilikuwa zimepauka, zikielekea weupe, yaani petroli ilikuwa pungufu. Hapo akaacha mzaha. Mashine hizi za kuchanganya huipata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo hupungua, pistoni hupata joto na kukwama. Laiti nahodha angeilazimisha kwa kasi, tungebaki na chuma cha kuuza kilo.

Madumu yangu niliyanunua kwa muuzaji wa rejareja. Sikuyakagua, sikuyachuja. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake.

Tangu siku ile nina desturi nne, nami nawapa wenzangu wa mpakani na wanaorudi. Kwanza, kila dumu hupata nafasi ya kutulia, na kiasi kidogo cha chini hakiingii tangini. Pili, petroli hupita kwenye chujio, na sampuli yake huiangalia kwenye chupa ya kioo. Tatu, oili hupimwa, haikisiwi: mashine yangu hutaka 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Yako huenda ikataka zaidi, hivyo fuata kitabu chake. Nne, mashine inayowekwa muda mrefu, hasa wakati wa kusi, humwagwa petroli yote iliyo kwenye bakuli.

Fundi wa kuaminika nilimjua kwa jambo moja: hakuniomba nimwamini. Kila alichosema alinionyesha, kwenye kikombe, kwenye chupa, kwenye jua. Alipomaliza aliniomba ujira wa nusu siku na kilo mbili za mchele.

Tuliondoka siku ya pili baada ya sala ya alfajiri. Nje ya mwamba nahodha aliongeza mafuta yote, na boti ikainua pua. Baharia alikuwa ameshika ule mpira kwa mazoea. Nikamwambia auachilie.