Alama ya Chaki Ukutani

Mama aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani huupima mkono wake kwa ukuta. Husimama akiuelekea, huweka vidole usawa wa kiuno, kisha huvitambaza kwenda juu kama kaa apandaye mwamba, mpaka kwapa likatae. Hapo huchora mstari kwa chaki. Kesho yake hujaribu kuupita, hata kwa upana wa kidole kimoja. Zoezi hili halitaki mashine wala umeme, na hufundishwa katika hospitali nyingi duniani. Lakini mara nyingi mgonjwa huonyeshwa mara moja tu, siku anapofungasha virago kurudi nyumbani, akili yake ikiwa kwenye nauli na kwenye uso wa mumewe atakapomwona.

Wiki ya tatu, bega likiwa limeganda na kilemba hakifungiki, nani atamkumbusha ule ukuta? Daktari ana foleni nyingine mlangoni.

Swali hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser aliondolewa titi akarudi nyumbani bila kuelezwa ataishije. Alijitafutia mazoezi, kisha akaanza kuwatembelea wanawake wengine vitandani mwao, amewachukulia mpira mdogo, kamba na titi la bandia la kuanzia. Wapo madaktari waliokereka: huyu si muuguzi, anataka nini wodini? Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliuchukua mpango wake, Reach to Recovery, na sharti likawa lile lile: anayekwenda kumwona mgonjwa awe naye ana kovu.

Afrika Mashariki tunao wenye makovu waliojikusanya. Kampala kuna UWOCASO, chama kilichoundwa mwaka 2004 na wanawake waliougua wenyewe. Nairobi kuna taasisi ya Faraja, iliyoanza mwaka 2010, ambako mgonjwa hupata ushauri nasaha, kukandwa mwili na hata kuchora picha, bila malipo. Kuna watu watauliza kuchora picha kunatibu nini. Hawajawahi kukaa saa nne na dripu ya kemo mkononi.

Turudi kwenye mkono, maana hapo ndipo maneno ya hospitali na maisha ya nyumbani hugombana. Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hukosa njia na mkono unaweza kuvimba. Kwa sababu hiyo wanawake waliambiwa kwa miaka mingi: usinyanyue kitu kizito. Mwambie hivyo mama anayechota maji kisimani, anayetwanga, anayepalilia shamba la mahindi. Ama atapuuza, ama atatii na nyumba isimame. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliamua kulijaribu agizo lenyewe. Aliwachukua wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya matiti, akawafanyisha mazoezi hatua kwa hatua, kisha akawapandisha kwenye mtumbwi mrefu wenye kichwa cha joka wapige makafi. Msimu uliisha bila hata mmoja wao kupata uvimbe mpya wa mkono. Huo si mlango wa kurukia ndoo ya lita 20 wiki ya pili baada ya kisu. Mkono hurudishwa kazini kidogo kidogo, na ukianza kujaa unarudi kliniki. Lakini ni habari njema, na mwanamke wa kijijini anastahili kuisikia kutoka kwa mwenzake anayebeba ndoo.

Halafu kuna sidiria. Titi la bandia la silikoni ni ghali, na katika joto letu huchemka kifuani. Wengi hujaza soksi au kitambaa, nacho huhama upande katikati ya ibada. Thika, Kenya, wanawake waliopona wamekaa chini na sindano zao wakafuma matiti ya uzi, mepesi, yanayofulika. Sijui mjadala wa kitaalamu uliowahi kuwafikisha watu mahali kama hapo.

Wakati huohuo, kila Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, sisi wengine hugawiwa fulana. Mimi ninazo mbili za pinki kabatini, zote zinaniambia nijichunguze. Hakuna iliyonijibu lile linalosemwa uani: kansa haitaki kisu, ukikatwa inasambaa. Tusicheke. Anayesema hivyo alimwona jirani akienda hospitali akitembea na kurudi akiwa maiti. Asichokiona ni kwamba jirani alifika ugonjwa ukiwa umekwishaenea. Kumjibu kwa kipeperushi ni kupoteza karatasi. Hujibiwa na mwanamke aliyekatwa miaka minane iliyopita na ambaye leo yuko hapa anakaanga vitumbua. Pwani tulikuwa na kungwi, aliyemwambia mwari mambo ya mwili wake bila kuzunguka. Sioni kwa nini uvimbe usioumiza, chuchu iliyogeuka ndani na ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa visiingie katika somo lake.

Na tusiwasahau wanaume. Nao huugua, ingawa hawafiki hata mmoja katika kila wagonjwa 100, na fulana ya pinki haiwatafuti.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mwenye kovu halimudu peke yake. Watafiti waliozungumza na wagonjwa katika hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta mgonjwa wa kawaida alikaa miezi 5 na dalili kabla ya kwenda kutibiwa. Tunaijua lawama inayofuata: wanawake wetu wanachelewa. Lakini kuanzia siku alipofika kituoni hadi kuambiwa ni saratani, ilipita miezi mingine 5. Hapo katikati mgonjwa anaweza kupewa dawa ya maumivu, akaambiwa ni jipu, akarudishwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani linataka majibu yapatikane ndani ya siku 60.

Basi wilayani Burera, huko huko Rwanda, iliko hospitali ya Butaro yenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012, mafunzo ya kuitambua saratani ya matiti yaliyoanza mwaka 2015 hayakuishia kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Wauguzi wa vituo vya afya nao walikalishwa darasani wakafundishwa kulipima titi kwa mikono yao: vidole vitatu bapa, kutoka kwenye mtulinga hadi chini ya titi, kisha kwapani, na kutambua upi ni uvimbe wa kusubiri hedhi ipite na upi ni wa kuandikiwa rufaa leo hii.