Betri ya Moyo na Gari la Umeme

Mwenye kitabu na akifungue, asiye nacho asome na jirani yake. Somo letu la leo ni la afya, tena linagusa mambo ya umeme.

Tuseme yupo bibi mmoja anayekaa Soweto, mjini Moshi. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, akawa anazimia njiani. Akapelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, akawekewa betri ya moyo. Sasa amerudi nyumbani. Lakini mjukuu wake ana bajaji ya umeme, na kila usiku huichaji uani kwa waya unaopita dirishani kwa bibi. Majirani wanamwambia, "Bibi, umeme huo utauzima moyo wako. Panda Kibosho ukakae kwa mdogo wako." Je, ahame?

Kwanza tujue betri ya moyo ni kitu gani. Ni kisanduku kidogo cha madini, waweza kukifumbata mkononi. Madaktari hukiweka chini ya ngozi, karibu na mtulinga, yaani ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Kutoka hapo waya mwembamba hushuka mpaka ndani ya moyo. Kazi kubwa ya kisanduku hiki ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, hunyamaza. Moyo ukichelewa, hutoa umeme kidogo sana, nao moyo hupiga. Mtu wa kwanza kuwekewa alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Kisanduku chake cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu! Akabadilishiwa vingine vingi, akaishi mpaka mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86. Bibi yetu basi hana sababu ya kugawa vyombo vyake.

Sasa tuje kwenye hofu ya majirani. Umeme unapopita katika waya, kandokando ya waya ule hutokea nguvu ya sumaku. Huioni wala huisikii. Nguvu hiyo ikiwa kubwa, tena karibu sana, kisanduku chaweza kudanganyika. Kitadhani kimesikia moyo ukipiga, kumbe sivyo, nacho kitanyamaza wakati unaotakiwa msaada. Iko mashine nyingine ya aina hiyo, ambayo huushtua moyo unapokwenda mbio kwa hatari. Hiyo ikidanganyika yaweza kumpiga mtu shoti bure. Kwa hiyo majirani hawakuota. Wameuliza jambo la maana.

Jambo hilo lilipimwa na madaktari wa moyo wa mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 2018 walitoa habari za wagonjwa 108 waliokaa ndani ya magari ya umeme, kisha wakayachaji kwa mikono yao. Hakuna kisanduku kilichodanganyika. Waliona pia kwamba nguvu ya sumaku ilikuwa kubwa zaidi kwenye waya wa kuchajia. Mwaka 2023 wakaja na jaribio kubwa zaidi: wagonjwa 130, kuchaji mara 561, kwa mashine ziwezazo kutoa kilowati 350. Safari hii pia hapakutokea dhara. Soketi ya nyumbani hutoa kama kilowati 3 tu. Fanya hesabu: 350 gawanya kwa 3. Utaona mashine zile zina nguvu zaidi ya mara mia. Kweli, yale yalikuwa magari, si bajaji. Lakini bajaji huchota umeme kidogo kuliko gari.

Hata hivyo madaktari wale walitoa shauri. Mwenye betri ya moyo asiulaze waya wa kuchajia juu ya kifua, wala asikae karibu nao bila sababu. Achomeke, aende zake. Akisikia kizunguzungu, asogee mbali mara moja, kisha amwone daktari. Kwa bibi wa Soweto, basi, asihame. Mjukuu na aupitishe waya upande mwingine, mbali na kitanda.

Nami nitasema jambo ambalo majirani hawakulitaja. Akina mama wengi huweka simu kifuani, ndani ya nguo. Kwa bibi huyu, simu ile i karibu na betri kuliko bajaji yoyote! Simu yatakiwa kukaa mbali na kisanduku kwa sentimita 15 au zaidi. Shubiri moja yatosha. Na fundi wa kuchomelea vyuma aliyewekewa betri asirudi kazini kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana mashine ile ina nguvu nyingi.

Tena tazameni waya wenyewe wa mjukuu. Kama umechunika, kama umeungwa kwa nailoni na kulazwa uani penye maji, huo waweza kumuua mjukuu mwenye moyo mzima kabla ya kumgusa bibi. Aitwe fundi wa umeme.

Sasa simameni wawili wawili. Kila mmoja aweke kidole kwenye mtulinga wake, apime kwa shubiri mpaka mahali anapoweka simu, na kuandika jibu katika daftari. Mwenye ndugu aliyewekewa betri amwulize kama anatembea na kadi yake ya hospitali, ile inayoeleza aina ya kisanduku, kwa maana daktari mgeni ataitaka.