Kasha la SSD Huchaguliwa kwa Lebo, Si kwa Umbo

Laptopu ikivunjika kioo au ikiungua mazabodi, mara nyingi kinachobaki kizima ndani yake ni SSD, kile kifaa chembamba kinachobeba kazi zote za mwenyewe. Kikitolewa na kutiwa kwenye kasha linalokubaliana nacho, kisha kikaunganishwa kwa waya wa USB, kinageuka diski ya nje yenye kasi na uimara ambao flashi ya kawaida haiufikii. Kwa mkazi wa Sumbawanga, Laela au Namanyere, mkoani Rukwa, hii ni njia nzuri ya kupata hifadhi bila kununua diski mpya. Lakini kasha likikosewa, hasara ya hapa si sawa na ya Kariakoo, ambako mnunuzi anarudi dukani mchana huohuo. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya kupitia Tunduma ni zaidi ya kilomita 300, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Gharama ya kurudisha kifurushi inaweza kukaribia bei ya kasha lenyewe. Ndiyo maana nasema ujuzi wa kusoma lebo, uwanda huu wa Ufipa, una thamani kuliko kasha la bei ghali.

Kinachowapoteza wengi ni kuamini kwamba SSD zinazofanana kwa umbo zinafanana kwa kazi. Zile za inchi 2.5, zilizofungwa kama kijitabu chembamba, hazina shida: karibu zote zilizomo kwenye laptopu zinatumia njia ya SATA, na kasha lake ni rahisi kulipata. Utata uko kwenye zile za M.2, zinazofanana na kipande cha ubao wa simu. Umbo hilo moja linabeba aina mbili tofauti kabisa za mawasiliano, SATA na NVMe, na kasha lililotengenezwa kwa moja haliisomi nyingine. Ukingo wenye vipande vya rangi ya dhahabu hutoa dalili: M.2 ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili, na ya NVMe ina pengo moja. Dalili hiyo isichukuliwe kuwa hukumu, kwa sababu zipo NVMe zenye mapengo mawili, na hizo huingia vizuri kabisa kwenye kasha la SATA kisha kompyuta isione kitu. Mwenyewe hudhani SSD imekufa, kumbe ni nzima. Neno linaloamua ni lile lililoandikwa kwenye lebo, SATA au NVMe. Lisipokuwepo, namba ya toleo ikitafutwa mtandaoni itasema. Kisha utazamwe urefu: 2280 maana yake milimita 22 kwa upana na 80 kwa urefu, na 2230 ni fupi mno kiasi kwamba kasha lisilo na tundu la skrubu mahali pake halitaishika. Kuna makasha yanayopokea SATA na NVMe pia, na kwa fundi anayehudumia watu wengi hayo ndiyo ya kununua hata kama bei imezidi kidogo. Zipo pia laptopu, hasa za bei ya chini, ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye mazabodi. Hizo hakuna kasha litakalozisaidia.

Upande wa pili wa upatanifu ni tundu la kompyuta, na hapa watu hununua kasi wasiyoweza kuitumia. USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, ambazo kwa kazi halisi huwa pungufu ya megabaiti 50. SSD ya SATA peke yake inaweza kufikisha kama megabaiti 550. Shule au ofisi yenye kompyuta za zamani haina sababu ya kulipia kasha la NVMe lenye kasi kubwa ikiwa matundu yote ni ya 2.0. Isitoshe, tundu hilo kwa kiwango chake hutoa wati 2.5, na lile la USB 3.0 hutoa 4.5, wakati baadhi ya NVMe zinapoandika kwa nguvu huhitaji zaidi ya hapo. Matokeo yake diski hutoweka katikati ya kunakili. Umeme wenyewe nao si jambo dogo hapa. Kwa miaka mingi Rukwa iliishi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea umeme wa kutoka Zambia na majenereta ya dizeli, na kukatika kwake kunajulikana. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizima wakati faili linaandikwa, mpangilio wa diski unaweza kuharibika. Kwa anayetumia Windows pekee, ni heri kuifomati diski kwa NTFS, inayoweka kumbukumbu ya mabadiliko yake, kuliko exFAT isiyofanya hivyo. Kwa kazi nzito ya kunakili, laptopu yenye betri nzima ni salama zaidi.

Huenda mtu akasema baridi ya Ufipa, uwanda ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, inatosha kuipoza NVMe. Haitoshi. Joto huzaliwa ndani ya chipu na linahitaji njia ya kufikia chuma cha kasha. Ile pedi laini inayokuja na kasha ndiyo njia hiyo, na anayeiacha kwenye boksi amenunua nusu ya kasha. Baridi ina madhara yake mengine. Anayeshuka asubuhi na diski iliyopoa hadi Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, anashuka takriban mita 1,000 hadi kwenye hewa ya joto na unyevu, na umande unaweza kutanda juu ya chuma baridi. Diski iachwe kwanza izoee hewa kabla ya kuchomekwa. Kiangazi, hewa inapokauka, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi, ili kuondoa umeme tuli, kabla ya kuishika SSD, na uishike kwa kingo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu gharama: flashi ni rahisi, na diski ya kuzunguka hutoa nafasi kubwa zaidi kwa fedha ileile. Ni kweli, na kwa kupeleka barua ya kuchapishwa flashi yatosha. Lakini diski ya kuzunguka huteseka kwa mtikisiko wa bodaboda na basi, na SSD haina kinachozunguka ndani. Wanaotetea hifadhi ya mtandaoni nao wana haki kwa maandishi. Kwa video ya kwaya yenye makumi ya gigabaiti, bando litaisha kabla ya video. Hata hivyo SSD si sanduku la kufungia urithi ukasahau. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya kawaida iliyofikia mwisho wa matumizi yake ihifadhi data mwaka mmodi tu bila umeme, katika nyuzijoto 30. Iunganishwe mara kwa mara, na nakala ya pili iwe mahali pengine.

Suala la kutunza kumbukumbu si dogo kwa eneo hili. Sehemu ya tunayoyajua leo kuhusu malungu, matanuru marefu ya Wafipa ya kuyeyushia chuma, imetufikia kwa sababu watu kama R.C.H. Greig waliandika kuyahusu, naye alichapisha yake mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Sauti za wazee zinazorekodiwa sasa hazina jarida linalozitunza. Ziko kwenye simu na laptopu zinazochakaa.

Ipo pia tahadhari ya faragha. SSD iliyotoka kwenye laptopu ya mwingine ina siri zake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, kwa hiyo fundi asifungue faili bila ruhusa. Mwenyewe naye atafute mapema ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, kwani bila huo diski iliyofungwa haisomeki hata kwenye kasha sahihi. Na wenye maduka ya Sumbawanga, andikeni kwa Kiswahili juu ya kila boksi: kasha hili ni la SATA, la NVMe, au la zote mbili, na linapokea urefu gani. Mteja wenu naye apige picha lebo ya SSD yake na kuituma kabla ya kulipa.