Hakuna Mbegu ya Bonsai

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza mbegu za bonsai, ile miti inayolelewa midogo kwenye chungu, zinauzwa wapi. Wengine hata hawaulizi. Wamekwisha kuagiza mtandaoni, wamepanda, wamemwagilia kwa imani, na wanachotaka kujua ni kwa nini mche wao unarefuka kama mche mwingine wowote. Unarefuka kwa sababu ni mche mwingine wowote. Mbegu ya bonsai haipo. Haijapata kuwapo Japani wala China, na anayekuuzia kitu kwa jina hilo amekuuzia mbegu ya mti wa kawaida kwa bei ya picha iliyo juu ya pakiti.

Chukua mkwaju uliolelewa kwenye chungu miaka 30, kimo chake sentimita 40. Ukizaa, panda mbegu yake shambani: utapata mkwaju kamili, wa kupumzisha ng'ombe chini yake. Uhamishie ardhini mkwaju mzazi na usiuguse tena, nao utashika njia ya juu. Udogo wake haukutoka kwenye mbegu. Umetokana na mkono wa mtu aliyepunguza matawi na mizizi msimu baada ya msimu, na siku akiacha, mti unarudia kimo cha jamaa zake. Zipo kweli aina zilizodumaa kwa asili, kama mkomamanga mdogo wa mapambo, ila hizo nazo zikiachwa bila kukatwa huwa vichaka tu.

Pakiti zinazopendwa sana ni zile zenye picha ya mepo ya Kijapani, ule mti wa majani mekundu. Tuseme mbegu ni za kweli, jambo ambalo mnunuzi hana njia ya kulihakiki. Mbegu za mepo haziamki mpaka zikae miezi kadhaa kwenye baridi na unyevu. Kwa friji hilo linawezekana. Lakini mti wenyewe unahitaji kupukutisha majani na kulala miezi ya baridi kali kila mwaka, na baridi hiyo haipo Mombasa, haipo Dodoma, haipo hata Limuru wala Njombe pamoja na ubaridi wake. Mti usiopata kulala hudhoofika mwaka hadi mwaka, na aliyeupanda huamini kwamba hana mkono wa kulea miti. Hilo linaniudhi kuliko pesa iliyopotea. Watu wenye jicho zuri na subira wameiacha kazi hii wakidhani kosa ni lao.

Na hata ukipata mbegu ya mti wa kwetu, ukaiotesha kwenye kile kibakuli kidogo cha kwenye picha, umeanza na hatua ya mwisho. Shina hunenepeshwa na tabaka jembamba la seli hai chini ya gome, na tabaka hilo hulishwa na sukari inayotengenezwa na majani. Majani yakiwa mengi na mizizi ikiwa huru, shina linajaa. Majani yakiwa machache na mizizi imebanwa, utakuwa na shina la unene wa penseli leo na miaka kumi ijayo. Bonsai nyingi zenye mashina manene zilinenepeshwa ardhini kwanza. Ziliachwa zirefuke hata kumpita mtu, kisha zikakatwa karibu na ardhi, matawi yakaanza kulelewa upya. Chungu kidogo huja baadaye, kutunza unene ambao tayari upo.

Hapo huzuka ushauri mwingine: unyime mti maji na mbolea usikue. Mwisho wa ushauri huo ni mti mkavu. Katika makumbusho ya bonsai jijini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa mwaka 1625. Ulikuwa kwenye kitalu cha ukoo wa Yamaki huko Hiroshima bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, ukasalimika nyuma ya ukuta, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani. Mti wa kushindishwa njaa haufikishi umri huo. Bonsai hulishwa, humwagiliwa, hubadilishiwa udongo, na hupunguzwa mizizi ili michanga ichipue.

Kwa hiyo acha mbegu, nenda kitaluni. Vile vya kando ya barabara vinatosha. Usitazame miche iliyopangwa mbele. Omba kuona ya nyuma, iliyokosa wanunuzi, iliyovunjika kilele, iliyopasua kiriba na kuzamisha mizizi ardhini. Mara nyingi utaachiwa kwa bei ya chini, na ndiyo bora, kwa kuwa mizizi iliyotoroka ndiyo iliyonenepesha shina. Fukua udongo kwa kidole mpaka uone mizizi inapoanzia. Unataka shina pana chini, jembamba kadiri linavyopanda, na mizizi iliyotambaa pande zote. Shina la sentimita 5 linatosha mti wa sentimita 30. Kwa anayeanza, fikasi, jamaa ya mkuyu, haina mpinzani, bogenvilia inafuata. Waridi la jangwani ni zuri pia, ila utomvu wake ni sumu iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale: nawa mikono, na liweke mbali na watoto.

Miti ya kuokota ni bora zaidi, na mingi iko mjini. Jamaa za mkuyu huota kwenye nyufa za kuta na mifereji ya mapaa, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa, na wenye majengo wanataka iondoke. Ua wa kaiyaba au bogenvilia unaong'olewa kupisha ukuta una mashina ya miaka mingi yanayokwenda kuchomwa, yaombe. Kijijini, tafuta mkwaju uliotafunwa na mbuzi miaka nenda rudi: mfupi, mnene, matawi yamesongamana. Ruhusa ya mwenye ardhi ni lazima, na misitu ya serikali na mikoko usiiguse bila kibali cha wakala wa misitu wa nchi yako, TFS kwa Tanzania Bara au KFS kwa Kenya.

Ng'oa mvua zinapoanza. Kata mizizi minene kwa msumeno, bakiza myembamba, punguza na matawi. Fikasi na bogenvilia huchipua hata zikibaki kisiki. Mtarakwa usipobakiziwa majani mabichi hufa. Panda kwenye beseni lililotobolewa, katika kokoto laini au matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, punje za milimita 3 hadi 6, pamoja na mboji kidogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Weka kivulini mpaka machipukizi yakomae, kisha juani, nje ya nyumba. Mwagilia kidole kinapohisi udongo wa juu umeanza kukauka, si kwa ratiba. Mwaka wa kwanza usikate kitu. Wa pili, funga waya wa alumini kwenye matawi na uutoe kabla haujazama kwenye gome. Chungu cha bonsai nunua mwaka wa tatu.